Titi moja la binti likikua ghafla: maswali na majibu

Mwanangu ana miaka 13. Titi la kushoto limekuwa karibu mara mbili ya la kulia kwa miezi minne tu. Ni saratani?

Kwa umri huo saratani ya titi ni nadra mno, mama. Kinachoshukiwa kwanza ni fibroadenoma ya ujana, uvimbe usio wa saratani unaochochewa na homoni za kubalehe. Ukizidi sentimita 5 au gramu 500 huitwa fibroadenoma kubwa, na hiyo huwapata wachache. Kwa kawaida hauumi. Ugumu wake ni kama wa kifutio cha penseli, na ukiubonyeza unateleza chini ya kidole. Ukizidi kukua, ngozi huvutika ikang'aa na mishipa ya damu ikajitokeza.

Lakini kuna uvimbe mwingine unaofanana nao sana, filodi. Nyingi si saratani. Chache ni saratani, na nyingine ziko katikati. Kwa macho na vidole huwezi kutofautisha.

Apimwe nini?

Ultrasaundi kwanza. Mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, haimfai: nyama ya titi la msichana imeshikana, picha hutoka nyeupe tupu, naye anapigwa mionzi bure. Uvimbe ukiwa mkubwa au unakua haraka, huchukuliwa vinyama kwa sindano nene, geji 14 (kipimo cha unene wa sindano), baada ya ganzi. Sindano nyembamba hutoa seli tu, na seli peke yake hazitoshi kutenga fibroadenoma na filodi.

Angalizo kwa watoto wa miaka 8 hadi 11: titi huanza kama kifundo kigumu nyuma ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kwanza. Kifundo hicho kisidungwe wala kukatwa ovyo. Kikijeruhiwa, titi hilo linaweza lisiote kabisa.

Zahanati walisema ni jipu, wanataka kulipasua.

Jipu huwa na joto, maumivu makali, mara nyingi na homa. Kama hayo hayapo, kataeni kisu mpaka ultrasaundi ifanyike. Kupasua uvimbe huu hakutoi usaha. Kunaacha kidonda na kovu, na uvimbe unabaki palepale. Kukanda kwa maji moto na kuchua navyo havitauyeyusha.

Ni lazima afanyiwe upasuaji?

Fibroadenoma ndogo, chini ya sentimita 3, huweza kuachwa na kurudiwa kupimwa baada ya miezi 6. Baadhi hunywea zenyewe. Kubwa hutolewa. Daktari hupitisha kisu ukingoni mwa weusi unaozunguka chuchu au kwenye mkunjo wa chini ya titi, kisha huukwanyua uvimbe pamoja na ganda lake. Hakuna sababu ya kuondoa titi zima. Filodi hukatwa pamoja na nyama kidogo yenye afya inayoizunguka, maana ikibaki hurudi.

Baada ya hapo?

Ulizeni uvimbe umepelekwa wapi. Uende wote maabara ya patholojia, inayochunguza nyama za mwili, ndani ya formalini (dawa ya kuzuia nyama isioze) ya asilimia 10 iliyo walau mara kumi ya ujazo wake. Formalini hupenya taratibu, kama milimita moja kwa saa, hivyo uvimbe mkubwa hupasuliwa vipande, la sivyo katikati huoza na jibu halipatikani. Ukiwekwa kwenye maji au chupa finyu, mambo ni hayohayo.

Ngozi iliyovutika hujirudi yenyewe kwa miezi kadhaa. Marekebisho ya umbo yasubiri titi la pili limalize kukua. Jibu likiwa filodi, arudi kupimwa kila miezi 6 kwa miaka miwili ya kwanza, kwani mara nyingi hurudi ndani ya muda huo.