Konokono kwenye tangi la samaki: kagua mmea kabla ya kukimbilia sumu

Mwezi wa Julai mama mmoja wa South B, Nairobi, alinipigia simu asubuhi na mapema. Alikuwa amewasha taa ya tangi lake akakuta kioo kimejaa vikonokono vidogo kama simsim. "Fundi, mimi nilinunua gapi sita na majani, basi. Hawa wametoka wapi?"

Nilipofika nilitoa shina moja la Anubias, mmea wa majini wenye majani magumu, nikaligeuza mbele ya tochi ya simu. Chini ya jani palikuwa na ute angavu, mrefu kuliko punje ya mchele, umebandika kama gundi. Ndani yake mlikuwa na vinukta zaidi ya ishirini. Nikaweka lenzi yangu, na kwenye vinukta kadhaa mtoto alikuwa tayari anajizungusha ndani ya kifuko chake. Nikampa lenzi atazame mwenyewe, kwa sababu ukishauona ute ule mara moja, hutanunua tena mmea bila kuupindua majani.

Karibu kila tangi ninaloitiwa, konokono waliingia hivyo. Wale wenye gamba jembamba lenye ncha ni jamii ya Physa. Mshike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikuelekea, utaona umekaa upande wa kushoto. Mmoja tu anatosha kujaza tangi, kwa kuwa ana viungo vya kiume na vya kike, na asipopata mwenzake hujirutubisha mwenyewe. Aina nyingine imejikunja bapa kama kamba iliyoviringishwa, nayo pia huacha ute kwenye majani. Melanoides ana gamba refu kama parafujo na mambo yake ni tofauti: hatagi kwenye jani, anazaa watoto walio hai, na majike huzaa bila dume. Mchana hujificha kwenye changarawe. Ukiwaona hao wote wamepanda juu ya kioo mchana kweupe, pima maji yako haraka, huenda hewa imepungua.

Hawa bapa nataka tuwazungumzie kidogo, maana hapa Kenya ni jambo la afya. Biomphalaria, anayebeba kichocho cha utumbo, ana umbo hilohilo. Vimelea huingia ndani yake kutoka kwenye maji yaliyochafuliwa kwa kinyesi cha binadamu, kwa hiyo kizazi kinachoanguliwa ndani ya tangi lako hakizaliwi na ugonjwa. Hatari iko kwa konokono aliyekwisha kuanguliwa huko nje akaja na mmea uliong'olewa bwawani au kwenye mfereji. Muulize muuzaji mimea ameitoa wapi. Kama ni ya bwawani, vaa glavu unapoiosha, na usiiache mikononi mwa watoto.

Mmea mpya mimi siuingizi tangini siku ya kwanza. Naupitisha kwenye maji ya bomba nikiufuta jani kwa jani kwa kidole, kisha naulaza kwenye ndoo yenye shabu, vijiko 2 vya mezani kwa lita 4 za maji, kwa siku 2 hadi 3. Mimea yenye majani magumu kama Anubias hustahimili hata dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato, sehemu 1 kwa sehemu 20 za maji, dakika 2 tu, halafu nauosha sana na kuuloweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Vallisneria, yenye majani laini kama utepe, usiijaribu hivyo, itayeyuka. Baada ya hapo mmea unakaa peke yake kwenye karai karibu na dirisha. Wengi husema wiki mbili zinatosha, lakini hizo ni hesabu za maji yenye joto. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa Julai maji yasiyo na hita ni baridi kabisa. Mayai hukawia kuanguliwa. Mimi nasubiri wiki 4.

Na kama wameshajaa? Tafadhali, usitie mrututu, ile chumvi ya shaba. Shaba huua konokono, ndiyo, lakini huua uduvi wa tangini pia, na katika maji laini makali yake kwa samaki huongezeka. Maji mengi ya bomba hapa mjini yanatoka Ndakaini, kwenye miteremko ya Aberdare, na ni laini. Isitoshe, konokono mia wakifa usiku mmoja wataoza pamoja, sumu ya amonia ipande, na asubuhi utakuta samaki wanaelea. Nimeitwa kwenye nyumba ambamo hilo lilikuwa limeshatokea, na hakuna nilichoweza kufanya zaidi ya kubadilisha maji.

Konokono huongezeka kadiri ya chakula wanachokikuta. Yule mama alikuwa akilisha mara tatu kwa siku, na mabaki yalikuwa yametanda chini kama unga. Tukapunguza hadi mara moja, kiasi cha kuliwa kwa dakika 2. Tukanyonya uchafu kwa mpira, tukakata majani yaliyooza. Usiku, taa ikishazimwa, alikuwa akizamisha jani la sukuma wiki lililochemshwa kidogo, limefungwa kwenye kijiko cha chuma lisielee. Alfajiri analiinua taratibu likiwa limejaa konokono. Siku ya kwanza alihesabu 74. Aliwaponda na kuwafukia kwenye chungu cha maua. Wala hakuwamwaga mtaroni, maana mtaro wa kwetu unaishia mtoni.

Wiki ya tano alinitumia picha ya jani la sukuma likiwa na konokono watatu, akauliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee, lakini usiku mmoja tu kwa wiki, na ile Vallisneria aliyoletewa na shemeji yake ibaki kwenye karai hadi mwisho wa mwezi.