Kabla hujakata paa la gari: paneli za kutoa, chesisi na maji ya masika

Anayetaka kuifanya gari yake iwe na paa la kutoa aghalabu huanza kwa kuuliza bei ya vioo. Cha kuuliza kwanza ni hili: paa unalotaka kulikata linabeba nini?

Suzuki Jimny, na Escudo za vizazi viwili vya mwanzo (1988 na 1997), zina chini yake chesisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma yenye umbo la ngazi, na bodi imekaa juu yake kwa boliti. Toyota RAV4, tangu ya kwanza ya 1994, haina chesisi ya namna hiyo, wala Vitz. Kwa gari hizi bodi yenyewe ndiyo chesisi, na paa ni sehemu yake. Ukitazama nyumba ya miti huko shamba utaona mtambaapanya umelazwa juu ya nguzo, ukizishika zisiachane. Boriti ya pembeni ya paa, ile inayopita juu ya milango, hufanya kazi hiyohiyo. Huikati kwa gari yoyote, na vilevile huigusi boriti iliyo juu ya kioo cha mbele.

Chesisi peke yake haitoshi kukutuliza. Chevrolet Corvette ya 1968 ilikuwa na chesisi ya chuma, na bado wabunifu wake walilazimika kuacha boriti katikati ya paneli mbili za kutoa za paa lake kwa sababu bodi ilikuwa ikijipinda. Na gari ikipinduka, chesisi iko chini, kichwa chako kiko juu. Kanuni ya Marekani ya 2009 inataka paa la gari isiyozidi kilo 2,722 lihimili mara 3 ya uzito wa gari tupu. Paa lililotobolewa bila kuimarishwa halifiki karibu na hapo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Gari isiyo na chesisi usiikate. Gari yenye eabegi za pazia (mifuko ya hewa inayoshuka kando ya vichwa gari ikigongwa) ndani ya boriti za paa usiikate, hata ikiwa na chesisi. Ukitaka upepo kichwani, tafuta gari iliyotoka hivyo kiwandani: baadhi ya RAV4 za milango mitatu za kizazi cha kwanza zina matundu mawili yenye vifuniko vya kutoa, na Suzuki X-90 ina paneli mbili za vioo na boriti ya kati. Inabaki Jimny au Escudo ya zamani, na hiyo nayo lazima ipite mtihani kwanza.

Mtihani wenyewe ni wa jeki. Weka gari mahali tambarare, pima kwa utepe mishazari miwili ya kila mlango, kutoka kona hadi kona. Inua kona moja ya nyuma mpaka tairi iache ardhi, kisha pima tena na ufunge milango. Kipimo kikibadilika zaidi ya milimita 2, au mlango ukianza kukwaruza, bodi imeshachoka na paa ndilo linaloishikilia. Mara nyingi utakuta vizingiti vya milango vimeoza kwa chumvi chini ya rangi nzuri. Tengeneza vizingiti, paa liache.

Ikifaulu, gari ikae kwenye magurudumu yake, si juu ya jeki, na ndani ya kila uwazi wa mlango ishikizwe skwea paipu ya milimita 25 kwa 25 ili isijikunje wakati wa kukata. Toa dari ya kitambaa na ung'oe waya za betri. Chora matundu mawili, ukiacha katikati milimita 120. Kona ziwe za duara, nusu kipenyo milimita 50, kwa kuwa kona kali ndiyo inayopasuka kwanza barabara ikiwa na mashimo. Kata milimita 25 ndani ya mstari; bati hilo lililobaki ndilo utakalolikunja chini liwe ukingo. Boriti ya kati lazima iwe boksi lililofungwa pande zote, lishikane na boriti ya mbele na ile ya nyuma ya viti. Kipande cha bati bapa kilichochomelewa hapo ni pambo tu. Chomelea kwa mashine ya CO2 (ile ya umeme inayolisha waya), vipande vya milimita 20, ukihamahama. Bati la paa halifiki hata milimita moja kwa unene, na moto wa gesi hulitia mawimbi ambayo puti haiyafichi.

Sasa maji, ambayo kwa visiwa hivi vya Zanzibar ndiyo kazi yenyewe. Kosa kubwa la mafundi wengi ni kutegemea mpira peke yake uzuie maji. Mpira hupunguza maji, mfereji ndio unaoyatoa. Zungusha mfereji wa kina cha milimita 15 hadi 20 kila tundu, na kila kona iwe na bomba la kipenyo cha ndani milimita 10, lishuke ndani ya nguzo hadi nje kabisa chini ya gari. Bomba likiishia ndani ya kizingiti, umejenga kisima cha kutu. Mimina lita moja kila kona. Ikichukua zaidi ya dakika moja kuondoka, bomba limebanwa mahali. Mpira uwe ule wenye uwazi ndani, ubanwe theluthi moja ya unene wake, na kiungo chake kiwe upande wa nyuma. Usiweke sponji ya viti badala yake; hunyonya maji na kuyatunza.

Kuhusu paneli, mimi napendelea faiba (faibaglasi). Kioo cha milimita 5 chenye eneo la mita za mraba 0.4 kina kilo 5. Faiba ya tabaka tatu haifiki kilo 2, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba, jua linapokuwa utosini kwetu, kioo hugeuza gari tanuri. Ila wepesi una deni lake: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa upepo unaweza kuivuta paneli hiyo juu kwa nguvu ya kilo kumi au zaidi. Weka pini mbili mbele na komeo mbili nyuma, zote za chuma kisichoshika kutu, zikiwa zimefungwa kwenye mbavu za faiba na si kwenye ganda lake.

Kila palipochomelewa pakwanguliwe, papakwe praima ya epoksi siku hiyohiyo, kisha nta ipulizwe ndani ya boksi la kati na nguzo. Upepo wa bahari hausubiri wiki. Bima nao wajulishwe kwa maandishi kabla ya kukata, na picha za kazi zihifadhiwe.

Mwisho, tandika magazeti sakafuni, mwagia paa maji ya bomba la mpira kwa dakika kumi, kwanza gari ikiwa sawa, kisha pua ikiwa juu, kisha chini. Dari ya kitambaa irudi baada ya magazeti kutoka makavu mara zote tatu.