Jina la ukoo kwenye mkoba si hati ya umiliki

Wengi huamini kwamba nyumba ya mitindo ya Kitaliano yenye jina la ukoo bado iko mikononi mwa ukoo huo. Si ajabu: jina lipo mlangoni, lipo kwenye mkanda, na matangazo hayachoki kumtaja babu mwanzilishi.

Chukua Gucci, nyumba ya mitindo ya mji wa Florence. Ilianza mwaka 1921 kama duka la masanduku na bidhaa za ngozi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, malighafi zilipokuwa adimu, mafundi wake walipasha mianzi moto, wakaipinda ikawa mpini wa mkoba. Mpini huo unauzwa hadi leo. Wanafamilia wenyewe walishtakiana miaka na miaka, na mwaka 1993 hisa zao za mwisho zikauzwa. Sasa mmiliki ni kampuni ya Ufaransa.

Si zote zilizokwenda hivyo. Nyingine bado ni za wajukuu. Ukitaka kuhakikisha, fungua ripoti ya mwaka ya kampuni mama, sehemu ya wanahisa wakubwa. Lebo ya "imetengenezwa Italia" haisaidii hapa: inataja kazi ilikofanyika, si mfuko unaopokea faida.