Je, Wajua Kwa Nini Trauti Humeza Unyoya Usio na Nyama Wala Harufu?

Nairobi kuna karakana ambamo mafundi huketi mezani kutwa, kila mmoja na jiriwa ndogo iliyobana ndoano, wakifunga kwa mkono nzi bandia, yaani chambo cha ndoano kinachoiga mdudu. Malighafi ni uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na manyoya ya sungura. Kazi hiyo husafirishwa Ulaya na Marekani, ambako wavuvi huisubiri kabla ya majira ya machipuko kuanza. Wakazi wengi wa jiji hawajui kwamba chini ya saa mbili kwa gari, katika msitu wa Gatamaiyu kule Kiambu, kuna mto ambao nzi wale wale hufanya kazi yao.

Ajabu yenyewe ni hii: trauti ni samaki mwoga. Kivuli cha mtu kikigusa maji, ametoweka. Lakini samaki huyo huyo hupanda juu na kumeza kipande cha unyoya. Kwa nini?

Jibu fupi ni kwamba samaki hana mikono. Kitu asichokifahamu hawezi kukishika akakigeuzageuza. Hukitia kinywani, na akiona si chakula hukitema. Kumeza na kutema vyaweza kuisha ndani ya sekunde moja, na kazi yote ya mvuvi imo katika sekunde hiyo.

Jibu refu linaanzia mahali anapokaa. Mto wa mlimani una nguvu, na samaki akishindana na mkondo mchana kutwa atatumia nguvu nyingi kuliko anazopata kwa kula. Kwa hiyo trauti huchagua kituo: nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliolika, au pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole. Hukaa penye utulivu, kichwa kikielekea juu ya mto, na chakula humpita pembeni kama bidhaa kwenye mkanda wa kiwandani. Kila kinachopita lazima akiamulie haraka. Akichelewa, kimekwenda. Penye maji ya kasi hana nafasi ya kuchunguza, ndiyo maana nzi aliyefungwa ovyo kidogo bado humpata. Kwenye kidimbwi tulivu cha Februari, maji yakiwa maangavu kama kioo, anaweza kumfuata nzi kwa nusu mita, akamtazama, kisha akageuka. Ukitaka kujua chakula kinapita wapi, fuata povu. Mstari wa povu juu ya maji ndiyo njia ya wadudu.

Wadudu gani? Inua jiwe la ukubwa wa sahani kutoka kwenye maji yanayokwenda kasi, uligeuze. Utaona mabuu bapa yenye mikia miwili au mitatu yakikimbilia upande wenye kivuli, na mengine yaliyojijengea vijumba vya changarawe na vipande vya majani. Sehemu kubwa ya chakula cha trauti iko chini ya maji, katika hali hiyo ya mabuu. Siku ya kukomaa ikifika, buu hupanda juu, ngozi hupasuka, na mdudu mwenye mabawa yaliyosimama kama tanga la dau huelea kidogo akisubiri mabawa yake yawe tayari kuruka. Hapo ndipo trauti hupata mlo rahisi kuliko yote. Ongeza siafu, panzi na mbawakawa wanaoanguka kutoka majanini, na kumbikumbi baada ya mvua. Kabla ya kulirudisha jiwe pale pale ulipolitoa, tazama rangi na urefu wa wale mabuu. Huo ndio ushauri bora utakaoupata mtoni.

Sasa unyoya. Unyoya wa shingo ya jogoo una nyuzi ngumu zisizonywa maji upesi. Fundi akiuzungusha kwenye shina la ndoano mara tatu au nne, nyuzi husimama pande zote kama miguu. Nzi akitua, ncha za nyuzi hizo hukaa juu ya utando wa maji bila kuutoboa, na kila ncha huacha kibonyeo kidogo. Kwa samaki aliye chini, vibonyeo hivyo ndivyo huonekana kwanza, kama vinukta vya mwanga, kabla hajauona mwili. Ni alama ile ile ya miguu ya mdudu halisi. Rangi, mkia na mabawa hufuata baadaye, na mara nyingi uamuzi umeshafanyika.

Nzi wa kuzama hufungwa kwa nia nyingine, ya kuiga buu lililo chini ya maji. Chukua ndoano namba 14 (namba ikipanda, ndoano hupungua ukubwa), anza na uzi mweusi karibu na tundu, nenda nao hadi pale ndoano inapoanza kupinda. Funga nyuzi nne za unyoya ziwe mkia. Funga waya mwembamba wa shaba. Sokota manyoya ya sungura kwenye uzi, yafunike mwili yakinenepa kuelekea kichwani, kisha zungusha waya mara tano kwa nafasi sawa ili upate pingili za mwili na uzito kidogo. Malizia kichwa kwa uzi. Kosa la kila anayejifunza ni kusahau nafasi ya mwisho: akifika kichwani, uzi na manyoya vimeshajaza tundu na mshipi haupiti tena. Acha milimita 2 tangu mwanzo. Kosa la pili ni kutumia manyoya mengi. Buu halisi ni jembamba, na nzi aliyevimba hazami.

Kuna jambo la macho pia. Mwanga unapoingia majini hupinda, kwa hiyo trauti huuona ulimwengu wa juu kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake. Samaki aliye nusu mita chini ana duara lenye upana wa mita 1 na kidogo. Nje ya duara hilo, uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi kitako cha mto. Ukingoni mwa duara, vitu vilivyo chini karibu na usawa wa maji hubanwa hadi visionekane vizuri. Ndiyo maana mvuvi hupiga goti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtoni msemo huu ni maelekezo ya kazi. Mwendee samaki kutoka nyuma yake, yaani ukipanda mto, usivae nguo nyeupe, na usikanyage kwa kishindo, kwa sababu mtetemo wa ukingo humfikia kupitia mstari wa hisi ulio ubavuni mwake.

Haya yote huharibiwa na kitu kimoja, nacho ni mvuto, yaani mshipi kumburuta nzi. Tukiulizwa kwa nini mtu mwenye vifaa vizuri hurudi mikono mitupu, tutalitaja hili kabla ya aina ya nzi. Mdudu halisi hana kamba. Huenda kwa kasi ile ile ya maji yaliyombeba. Nzi bandia amefungwa kwenye mshipi, na mshipi umelala juu ya mikondo mitatu yenye kasi tofauti. Mkondo wa kati ukiuvuta, nzi huanza kukata maji akiacha mkia wa herufi V. Trauti akiona hivyo, hata kama nzi amefungwa kwa ustadi wa ajabu, hamgusi. Dawa ni kutumia mshipi mfupi. Katika mito yetu midogo, mita 5 hadi 7 zinatosha. Sogea karibu, inua fimbo juu, acha uzi mwembamba ulio kati ya mshipi na nzi peke yake uguse maji. Mahali pakikulazimisha kurusha mbali, mara nzi anapotua pindua tumbo la mshipi, yaani sehemu ya kati iliyolegea, kuelekea juu ya mto, kabla mkondo haujauvuta. Utapata sekunde mbili au tatu za safari huru, na samaki huchukua ndani ya hizo.

Fimbo ya futi 7 au 8 yenye mshipi namba 3 au 4 (namba ya uzito wake) inafaa mito iliyofunikwa na miti. Kwenye uvuvi wa kawaida chubwi huvuta mshipi. Hapa mambo ni kinyume, mshipi mzito ndio unaombeba nzi asiye na uzito. Mbele yake unafunga uzi wa naileni wa futi 7 na nusu hadi 9 unaopungua unene hadi milimita 0.15 au 0.18. Kurusha, fikiria uso wa saa ulio ubavuni mwako, ukiwa umetazama kushoto. Fimbo isimame ghafla inapoelekea saa nane nyuma, isubiri mshipi unyooke, kisha ije mbele na kusimama kwenye saa nne. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Ukisikia mlio kama wa mjeledi nyuma yako, umewahi mno, na huenda nzi ameshakatika. Fundo la kumfunga nzi lizungushwe mara tano na lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa, kwani msuguano mkavu huudhoofisha uzi.

Tukirudi kwenye majira: huko Ulaya, maji ya mto majira ya baridi hukaribia kuganda na mabuu hukua polepole sana. Machipuko yakija, maji yakikaribia nyuzijoto 10, wadudu hutoka kwa wingi, mwanzoni saa za adhuhuri na baadaye kuelekea jioni kadiri joto linavyoongezeka. Trauti aliyekonda hula kwa pupa. Mvuvi wa huko hupanga mwaka wake kwa wiki hizo chache.

Kenya iko kwenye ikweta na haina machipuko. Trauti mwenyewe ni mgeni: wa kahawia waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan na kuwekwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, na trauti wa upinde wa mvua walifuata kutoka Afrika Kusini. Waliishi kwa sababu ya mwinuko. Hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6 kila unapopanda mita 1,000, na trauti anataka maji ya nyuzijoto 10 hadi 16. Yakipita 20 huacha kula, na yakifika 25 yuko hatarini kufa, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Jina Nairobi lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yanayomaanisha maji baridi, lakini kwa trauti lazima upande zaidi ya hapa, hadi mito kama Gatamaiyu, Kimakia, Mathioya, Thiba, Thego.

Kule juu tofauti ya joto kati ya usiku na mchana huzidi tofauti kati ya mwezi na mwezi. Kwa hiyo machipuko huja kila siku. Alfajiri mto umekufa ganzi. Jua likifika majini, mara nyingi kuanzia saa nne asubuhi, mabuu huanza kusogea na samaki huanza kupanda. Anayefika saa kumi na mbili akachoka saa tatu ameondoka mlango ukifunguliwa. Mwezi wa Julai, ukungu ukikaa msituni, subiri hadi saa sita.

Mvua ndiyo majira ya pili. Aprili na Novemba mto hugeuka rangi ya matope na nzi haonekani, usipoteze siku. Siku mbili tatu baadaye maji yakiwa na rangi ya chai ya rangi nyepesi, ndipo pa kutupa nzi mweusi wa namba 10 azame karibu na ukingo, kwa sababu mvua imeng'oa mabuu na kuangusha wadudu, na samaki haoni mbali kiasi cha kukushtukia. Kiangazi cha Januari na Februari geuza kila kitu: nzi namba 16, uzi mwembamba kuliko wote, na ukae mbali.

Kibali cha uvuvi ni lazima, na msituni au mbugani kuna ada ya kuingilia. Aberdare kuna tembo na nyati. Usiende bila askari wa wanyamapori. Ukitaka kumwachia samaki, bana kwa koleo kijino cha ndoano kinachozuia isichomoke, lowanisha mikono kabla ya kumgusa ili usiondoe ute unaomkinga, usimtoe majini zaidi ya sekunde chache, na umshike akielekea juu ya mto mpaka ajivute mwenyewe kutoka mkononi.

Na usitazame anga iliyo juu yako tu. Mvua kubwa inaweza kunyesha kwenye nyanda za nyasi zilizo juu mlimani huku jua likikuwakia. Ukiona majani makavu na vijiti vimeanza kupita juu ya maji yaliyokuwa safi, kusanya mshipi na uvuke mara moja kurudi upande ulioacha gari.