Je, wajua ni nini huchonga korongo jembamba la jangwani?

Kundi la wanafunzi linapoingia kwa miguu katika Korongo la Antelope, karibu na mji wa Page kaskazini mwa Arizona nchini Marekani, swali la kwanza huwa ni nini kilichochonga kuta hizo. Katika baadhi ya sehemu zinafikia kimo cha zaidi ya mita 30, zimepindapinda kama kanga iliyoanikwa penye upepo, na mahali pengine zimekaribiana kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anazigusa zote mbili kwa pamoja. Nilipopita humo na darasa letu, niliandika daftarini kwamba kazi hiyo ni ya upepo. Jibu hilo nililiamini kwa miaka mingi, na kwa kuwa bado nalisikia kwa watu makini, linastahili kuchunguzwa vizuri kabla ya kuachwa.

Zipo sababu za kulifanya liaminike. Eneo hilo hupata mvua chini ya milimita 200 kwa mwaka, kwa hiyo siku nyingi mgeni haoni hata tone la maji, bali huona mchanga ukipeperuka na kumdondokea kutoka juu. Tena ile mistari myembamba iliyolala kimshazari ukutani kweli ni alama ya upepo, na hapo ndipo nilipochanganya mambo mawili. Mwamba huo wa mchanga, uitwao Navajo, ulianza kama vilima vya mchanga vilivyorundikwa na upepo takriban miaka milioni 190 iliyopita. Vilima hivyo vikafukiwa, madini yaliyokuwamo katika maji ya ardhini yakazigandisha chembe zake, na kutu ya chuma ikaupa mwamba wekundu wake. Mistari tunayoiona ni ya siku za kujengwa kwa jiwe. Haituambii lolote kuhusu siku za kukatwa kwake, kama vile alama za mwiko wa mwashi zisivyotuambia ni nani aliyekuja baadaye kutoboa mlango.

Kuna ushahidi mwingine. Chembe za mchanga zinazosukumwa na upepo huruka karibu na ardhi, na ni chache sana zinazopanda juu ya mita moja au mbili, ilhali kuta hizi zimelainishwa hadi juu kabisa. Haifai pia kuunyima upepo sehemu yake yote, kwa sababu huondoa chembe zilizokwisha kulegea na kufuta ncha kali, lakini hiyo ni kazi ya kumalizia. Wanavajo, wenye ardhi hiyo, huiita sehemu ya juu ya korongo Tsé bighánílíní, yaani mahali ambapo maji hupita kati ya miamba. Jibu lilikuwamo katika jina tangu mwanzo.

Nchi kavu namna hiyo hupataje maji ya kukata jiwe? Tufikirie paa la bati. Mvua ikinyesha shambani, udongo na mizizi hunywa sehemu kubwa ya maji, lakini ikinyesha juu ya bati, maji yote hukimbilia ukingoni na kumwagika kwa pamoja. Mwamba mtupu wa jangwani ni kama bati hilo, na mkondo mkavu unaoelekea korongoni ndio mfereji wake. Hata hivyo, maji peke yake hukwangua kidogo sana. Seremala akisugua ubao kwa kitambaa kitupu hauondoi ukali wake, lakini akichukua msasa, kila punje iliyogandishwa juu yake inang'ata. Mchanga na kokoto zinazobebwa na mafuriko ndizo msasa wa korongo. Mafuriko yakishaingia katika ufa mwembamba, mkondo wake huongezeka kasi, kama anavyojua kila mtu aliyeziba nusu ya mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba. Katika milima yenye mvua nyingi kama Uluguru, kingo za bonde hulowa, zikaporomoka na kulitanua. Hapa kuta hukaa kavu karibu mwaka mzima, na mkato huendelea kwenda chini tu. Ukame pekee hautoshi, kwani Grand Canyon, iliyo katika jimbo hilohilo, ni pana mno: tabaka zake laini hulika upesi na kuziangusha zile ngumu zilizo juu yake.

Kusema korongo la Antelope lina umri gani ni jambo gumu zaidi, kwa sababu kila mafuriko hufagia mchanga ulioachwa na yaliyotangulia, na pamoja nao ushahidi.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika sehemu ya chini ya korongo hilo, ingawa mvua iliyosababisha mafuriko ilinyesha kilomita nyingi kutoka pale walipokuwa. Katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, ambako mwamba ni wa volkano, mafuriko ya ghafla yaliua wageni mwezi Septemba 2019. Kwa hiyo mwongozaji wa Kinavajo hutazama hali ya hewa ya nyanda za juu, yanakotoka maji, na anaweza kuwazuia wanafunzi wasishuke hata kama jua linawaka juu ya vichwa vyao.