Llevar si «kubeba» tu: dhana potofu za wanafunzi wa Kihispania

Llevar ni kati ya vitenzi ambavyo anayeanza Kihispania hukutana navyo mapema, na kwa kawaida huandika pembeni maana moja: kubeba au kupeleka. Kisha anasikia «llevo gafas» kwa mtu asiyebeba kitu. Kumbe anasema amevaa miwani.

Dhana: Ni maneno kadhaa yaliyofanana kwa bahati.

Sivyo. Mfano wa namna hiyo ni vino: ni divai, na pia ni «alikuja», maneno mawili yenye asili mbili, kama kaa wa baharini na kaa la moto. Llevar ni neno moja, kutoka levare ya Kilatini, yaani kuinua. Ulichokiinua unaweza kwenda nacho. Unachokwenda nacho mwilini ni vazi. Njia inayokufikisha ufukweni, el camino lleva a la playa. Hata chakula kina vyake: la paella lleva azafrán, paella hutiwa zafarani.

Dhana: Shika maana ya kwanza ya kamusi, nyingine zitajileta.

Hazijileti. Kinachosaidia ni kulishika neno pamoja na jirani yake. Likifuatwa na vazi, ni kuvaa. Likifuatwa na muda, habari ni nyingine kabisa: «llevo dos años estudiando español», nina miaka miwili nasoma Kihispania. «Llevo dos días sin dormir», nina siku mbili sijalala. Angalia kitenzi: kiko wakati uliopo, sawa na «nina» yetu. Anayepitia Kiingereza kwanza hupotea hapa, akatafuta wakati uliotimilika, ilhali Kiswahili chake kilikuwa kimeshamfikisha karibu zaidi.

Huko Mexico na sehemu nyingine za Amerika ya Kilatini utasikia pia «tengo dos años estudiando», karibu neno kwa neno kama sisi. Lakini «tengo dos años» ikiachwa peke yake ni umri, na msemaji atakuwa mtoto mdogo sana.

Likiongezewa se (kwa «mimi» huwa me), llevar huingia kwenye mahusiano na hisia: «me llevo bien con mi suegra», napatana na mama mkwe, «me llevé un susto», nilipata mshtuko.

Dhana: Llevar ni kupeleka, traer ni kuleta, basi.

Hapa ndipo naona Waswahili wanahitaji uangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu tafsiri hiyo si ya uongo, ila ina mtego. Kwenye simu tunasema «kesho nitakuletea kitabu», kwa kuwa tunamfikiria aliko msikilizaji. Kihispania cha kawaida hutazama aliko msemaji. Kama sasa hivi hauko kwa huyo mwenzako, kitabu kinatoka ulipo kwenda kwingine, kwa hiyo ni «mañana te llevo el libro». Traer ni ya kitu kinachosogea hapa ulipo wewe unayesema: «tráeme agua», niletee maji.

Kuja na kwenda ni vivyo hivyo. Ukiitwa kutoka chumba kingine, Kiswahili kinajibu «nakuja!», Kihispania kinajibu «¡voy!», yaani naenda. Wasemaji wa Kikatalani, lugha ya Barcelona, wana desturi kama yetu katika lugha yao, na baadhi yao huihamishia kwenye Kihispania. Mwanafunzi aanze na kanuni ya jumla, asije akadhani kila anachosikia mji mmoja kinatumika kote.

Dhana: Ukiona llevar, lazima kuna kitu kinachohama.

«Mi hermana me lleva tres años» haina mwendo wowote: dada yangu amenizidi miaka mitatu. Lakini mgahawani ukiulizwa «¿para tomar aquí o para llevar?», mwendo upo kweli, maana unaulizwa kama utakula hapo au ufungiwe uondoke nacho.