Koki Inavuja: Angalia Kwanza Maji Yanatokea Wapi

Nikiitwa kwenye koki inayovuja, sigusi spana kwanza. Naifuta koki yote kwa kitambaa kikavu, kisha naitazama dakika mbili tatu. Maji yakidondoka mdomoni wakati koki imefungwa, ubovu uko ndani, pale maji yanapozuiwa. Yakichuruzika chini ya mkono wa koki, tena pale tu unapoifungua, ubovu uko juu: ni oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) iliyochoka, au nati ya juu imelegea. Wengi hawatofautishi haya mawili, wakaishia kununua kisichohitajika.

Tuanze na koki ya kuzungusha. Kwenye ncha ya spindo, yaani fimbo ya ndani inayozungushwa na mkono wa koki, kuna washa ya mpira, ndogo kama kifungo cha shati. Ukifunga, spindo hushuka na kuikandamiza washa juu ya kikalio chake, ambacho ni ukingo wa mviringo wa shaba unaozunguka tundu la maji. Mpira huchoka, na upande wa maji ya moto huchoka mapema zaidi kwa sababu joto huufanya mgumu. Washa iliyokwisha utaijua ukiishika: haibonyei, na usoni ina mfereji wa duara uliochimbwa na kikalio.

Kinachonisikitisha ni jinsi kikalio chenyewe kinavyosahauliwa. Niliwahi kuitwa kwenye koki iliyokwisha kubadilishwa washa mara tatu ndani ya miezi michache. Kila mara inatulia siku chache, kisha inaanza tena, na mwenye nyumba alikwisha amini kwamba washa anazouziwa ni mbovu. Nilitoa spindo, nikaingiza kidole na kupapasa ule ukingo. Kulikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Punje ya mchanga hunasa hapo, maji hupenya pembeni yake kwa kasi mchana na usiku, na shaba huliwa kidogo kidogo. Washa mpya haitibu hilo. Kikalio kisagwe kwa kifaa chake mpaka kiwe laini, au kama ni cha kufunguka, kitolewe na kuwekwa kingine.

Halafu kuna mkono unaobana. Koki ikianza kutona, watu huikaza kwa nguvu zote, na siku hiyo hunyamaza kweli. Lakini nguvu ile ndiyo inayoukata mpira, na kesho yake itataka kubanwa zaidi. Nawasihi: koki ikianza kudai nguvu, badilisha washa wiki hiyohiyo. Tone moja kila sekunde linafikia takribani lita 20 kwa siku, maji safi kabisa yanayokwenda na bomba la taka.

Koki za mkono mmoja hazina washa. Ndani ya katriji, yaani kile kipande cha ndani kinachotoka kizima, kuna visahani viwili vya kauri vinavyotelezeana, na adui zao ni mchanga na chokaa ya maji. Mara nyingi katriji nzima hubadilishwa; chukua ile ya zamani dukani ukailinganishe, maana zinafanana sana kwa macho lakini haziingiliani. Ukishafunga mpya, acha koki wazi kisha fungulia valvu kuu polepole, uchafu na hewa vitoke kwanza. Msukumo wa ghafla unaweza kupasua kauri.

Kwa aina zote mbili, funga valvu kuu kabla ya kufungua chochote, na uzibe tundu la sinki kwa kitambaa. Skrubu ya mkono wa koki ni ndogo, ikizama humo huipati.

Kama koki inadondosha usiku tu, mchana kimya, nashuku presha. Watu wakilala matumizi hupungua na presha kwenye bomba hupanda. Ipime kwa geji. Ikizidi baa 5 na nusu hivi, weka valvu ya kupunguza presha, la sivyo utakuwa unabadilisha washa za nyumba nzima, moja baada ya nyingine.